Mzigo wa Saba kwenye Koasta ya Momela

Wasikilizaji wapendwa, mlioko shambani, mlioko gereji, mlioko jikoni mkingoja makande yaive, habari za mchana. Mimi ni Prisca. Leo tunamkumbuka dereva.

Jina lake ni Elirehema Ayo. Wengi mlimjua kama Baba Solomoni. Aliendesha Koasta, basi dogo la abiria, kati ya Momela na Arusha mjini kwa miaka ishirini na saba. Nasema ishirini na saba kwa kuwa ndivyo alivyoniambia mjane wake, Mama Rachel. Dada wa marehemu anasema ni thelathini na mmoja. Leseni yake inasema alizaliwa mwaka 1960. Cheti cha ubatizo kinasema 1958. Nikamwuliza mwanawe, Solomoni, tushike lipi. Akacheka kidogo, akafuta macho, akasema, "Dada Prisca, shika lolote. Mzee mwenyewe alikuwa anabadilisha."

Basi naomba mnivumilie. Nimekaa na watu hawa siku tatu, nimekunywa chai yao, na bado kuna mambo sijayaelewa. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Mkichanganyikiwa, jueni tuko wengi.

Elirehema alikuwa mfupi, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Hakupiga honi ovyo. Pale njia inapokatiza hifadhi ya wanyama, twiga wakiwa barabarani, alizima injini akawangoja. Abiria wakilalamika wamechelewa, aliwajibu, "Shukeni mkawaambie wao." Hakuna aliyewahi kushuka.

Sasa, njia ya Momela haibebi watu peke yao. Inabeba mizigo. Mama yuko juu mlimani, mwanawe yuko mjini. Mama anakata mkungu wa ndizi, anampa dereva dirishani, anasema ni wa fulani, anarudi zake nyumbani. Na Elirehema hakuandika jina hata siku moja. Alifunga kila mzigo kwa kipande cha turubai la bluu, akauweka mahali pake garini, akakariri kichwani. "Karatasi hupotea," alikuwa akisema. "Kichwa changu nakwenda nacho." Wenye mizigo walimpigia simu akiwa njiani, wakamkuta stendi mjini. Basi. Miaka yote hiyo.

Na sasa niwajulishe kwa Tabea. Mshikeni huyu, wasikilizaji, maana habari yote ya leo imemkalia yeye kichwani.

Tabea ni konda wa gari lile. Ni mama wa watu wazima, wanamwita Mama Elieshi. Alifanya kazi na Elirehema miaka kumi na minne. Alipoanza, wanaume wa stendi walidhani hatamaliza mwezi. Akawamaliza wao. Makubaliano yake na dereva yalikuwa mepesi. Tabea ashike abiria, Elirehema ashike mizigo. Konda alisaidia kupakia na kushusha, lakini nini ni cha nani, hilo alilijua dereva.

Wakapatana miaka kumi na minne. Halafu ikaja siku moja ya Aprili, mvua za masika, tope mpaka kwenye rimu.

Mama Silantoi wa Momela alimtumia binti yake aliyeko Kisongo vitenge viwili na chupa ya samli. Walipofika stendi mjini, mzigo haupo. Elirehema akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Gari bado limejaa watu, wanasimama washuke. Akageuka, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia:

"Mama Elieshi, rudisha mzigo wa watu."

"Sijaugusa, Baba Solomoni."

"Humu ndani tunaoshika mizigo ni wawili. Mimi sijauchukua."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyasikia kutoka kwa abiria wawili waliokuwapo, na wote wamenipa yaleyale. Jua lilikuwa halijazama, na njia nzima kuanzia Usa River mpaka Momela ilishajua kwamba konda Tabea ni mwizi. Akina mama wakawa wanapakata vikapu vyao. Mama mkwe wake akamwuliza kwa upole kama ni kweli, na upole ule, Tabea anasema, ulimuuma kuliko matusi.

Siku tisa baadaye, Elirehema alikuwa akiosha gari mtoni. Chini ya kiti cha mwisho bati la sakafu limeoza, lina tundu. Akaingiza mkono. Mzigo ulikuwa umedumbukia humo. Vitenge, samli, vyote salama.

Mnadhani alifanya nini? Alimrudishia Mama Silantoi, kimya kimya. Kwa abiria hakusema kitu. Kwa Tabea hakusema kitu. Mama Silantoi mwenyewe ndiye aliyemfuata Tabea akamwambia, "Mzigo umeonekana, mwanangu, pole." Tabea akangoja dereva naye aseme. Akangoja siku, akangoja juma. Akangoja majuma kumi na moja.

Majuma kumi na moja, wasikilizaji wapendwa, watu wawili ndani ya gari moja, hawaongei. Tabea aligonga bodi mara moja gari lisimame, mara mbili liondoke. Likiwapo la zaidi, walitumia abiria. "Mama, hebu mwambie dereva kuna mgonjwa anashuka." "Jamani, mwambieni konda mlango haujafungwa." Abiria walicheka sana. Tabea hakucheka.

Nilimwuliza, "Kwa nini hukuacha kazi, dada?"

Akanijibu, "Ningeacha, wangesema kumbe kweli aliiba."

Hicho ndicho alichokipigania. Jina lake. Alitaka aliyelichafua mbele ya watu alisafishe mbele ya watu. Hakutaka kingine.

Tukafika Jumanne moja ya Julai. Elirehema alipakia mizigo saba kule juu. Nasema tena, saba. Wakashuka salama mpaka Usa River, saa mbili na nusu asubuhi. Akaegesha gari vizuri, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Halafu akalaza kichwa kwenye usukani.

Tabea akakimbilia mlango wa dereva. Elirehema alikuwa anatoka jasho, mkono umeshika kifua. Alimtazama. Akanyoosha kidole kwenye dashibodi, kwa chini, akasema, "Mama Elieshi. Ule mzigo mdogo..."

Akaishia hapo. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Tabea baada ya majuma kumi na moja, na ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Ngoja niwaambie alichokisikia Tabea, maana alinieleza bila kuficha, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alisikia mtu anayekufa akiuwazia mzigo. Alisikia, usije ukauiba na huu. "Damu ilinichemka," aliniambia. "Mtu anaumwa, na mimi nimekasirika. Nikasema moyoni, hata sasa, Baba Solomoni? Hata sasa?"

Abiria walimbeba, wakampakia teksi, wakamkimbiza hospitali. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Wakamwita Tabea. Hakupanda.

"Ningepandaje?" aliniuliza. "Mizigo saba ya watu imo garini, na mimi ndiye mwizi. Ukipotea hata mmoja, nimekwisha."

Dereva wa gari jingine, Lemomo, akashika usukani wakaendelea na safari. Simu ya Elirehema ilikuwa imebaki kwenye kiti. Ikaanza kuita. "Baba Solomoni, umefika wapi? Nipo stendi, nangoja maharage." Tabea akapokea, akamwambia aliyepiga kwamba dereva ni mgonjwa, akamwuliza maharage yake yako kwenye nini. Ikaita tena. Ndizi. Ikaita tena. Maziwa. Simu sita, mizigo sita. Kila mmoja akapata chake, hakuna kilichopungua.

Ukabaki wa saba. Mdogo, umefungwa kwa jani kavu la mgomba na kipande cha turubai la bluu. Ndio ule wa kwenye dashibodi. Simu ya saba haikuita.

Tabea aliingoja muda. Halafu akainua ukingo wa jani, achungulie tu, ajue ni wa nani. Ndani mlikuwa na jani la sale, bichi, limepigwa fundo.

Wasikilizaji wetu wa mbali, niwaeleze. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa mashamba huku mlimani. Mtu akikukosea sana, analikata jani lake, analipiga fundo, analileta kuomba radhi. Halileti mwenyewe. Anamtuma mtu wa kuheshimika. Na ukishalipokea, umesamehe. Huna tena ruhusa ya kukataa.

Sasa Tabea akawaza. Nani katika njia hii amekosewa kiasi cha kutumiwa sale? Hakuwaza sana. Njia nzima inamjua Daniel wa Ngongongare na mdogo wake Sifaeli, fundi wa kuchomelea vyuma kule Sakina, Arusha. Ndugu wa tumbo moja. Miaka sita hawasalimiani, tangu Daniel alipong'oa masale ya mpakani akasogeza shamba mpaka kwenye kahawa ya mdogo wake. Tabea akasema, hatimaye Daniel kapata akili, kampa Baba Solomoni sale alipeleke.

Nilimwuliza, "Na hukuwaza hata kidogo kwamba linaweza kuwa lako?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakunielewa. "Langu? Sale linatoka kwa mzee kwenda kwa mzee. Linatoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Nani amewahi kumtumia konda sale?"

Akapanda bodaboda mpaka Sakina. Sifaeli alikuwa anachomelea geti. Akavua miwani yake myeusi, akapokea, akafungua.

"Nani amekupa, dada?"

"Lilikuwa kwa Baba Solomoni. Nadhani unajua limetoka wapi."

Sifaeli akakaa chini, pale pale kwenye vyuma, akalia kwa sauti. Wateja wake hawakujua watazame wapi. Na Tabea akiwa bado amesimama mbele yake, simu ikaita. Ni Mama Rachel. Elirehema amefariki.

Tulimzika Ijumaa. Nasema tulimzika kwa sababu nilikuwapo, ingawa nilikwenda kama jirani wa ukoo na sikujua nitarudi na haya. Kwaya iliimba vizuri. Solomoni alisoma wasifu wa baba yake, akataja miaka ishirini na saba, na shangazi yake akasahihisha kutoka chini ya turubai. Watu wakacheka, wakarudi kulia.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, Sifaeli alitoka kwenye kundi la watu. Ameshika jani. Akaenda mpaka alipo kaka yake, mbele yetu sote.

"Shikamoo, kaka. Nimelipokea. Yameisha."

Daniel akalitazama lile jani, akamtazama mdogo wake, akatutazama sisi. "Umepokea nini? Mimi sikutuma kitu."

Mchungaji alikuwa bado ameshika koleo.

"Sikutuma," Daniel akarudia. "Lakini mdogo wangu, ningekuwa na akili ningelituma zamani. Marahaba. Likae hivyo hivyo, kama nimetuma mimi."

Wakakumbatiana. Wanawake wakapiga vigelegele msibani, jambo ambalo sijawahi kuliona, na wengine wakawanyamazisha. Ilikuwa vurugu ya furaha na kilio, sikujua niandike nini kwenye daftari langu.

Halafu likaja swali. Kama si la Daniel, ni la nani? Macho yote yakamgeukia Tabea. Yeye ndiye aliyelipeleka. "Umelitoa wapi?" wakamwuliza. Akajibu, "Lilikuwa garini." Na mama mmoja, simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mizigo tena."

Mama Rachel alikuwa amekaa kwenye mkeka na wafiwa. Akainuka, akamshika Tabea mkono, akaingia naye ndani. Haya ninayowaambia sasa wameniambia wao wenyewe.

"Mama Elieshi, lile sale ni lako," Mama Rachel akasema. "Alilikata Jumanne asubuhi kabla hajaondoka, pale mpakani kwetu. Nikamwuliza la nani, akasema la konda wangu. Alitaka ampe mzee wa kanisa pale Usa, akukabidhi mbele ya abiria. Alikutukana mbele ya abiria, ndiyo maana."

Tabea akakaa kitandani. Ule mzigo mdogo. Kumbe alikuwa anamkabidhi. Kumbe aliomba radhi, na aliyeombwa radhi akalipakia jani lake kwenye bodaboda akalipeleka kwa mtu mwingine.

Mama Rachel akataka kutoka nje awatangazie watu. Tabea akamvuta gauni. "Usiseme, Mama Solomoni. Wale wameshikana. Ukisema ni langu, Daniel atakuwa hajasamehewa na mtu."

"Na wewe je?"

"Sijui."

Neno hilo nimelisikia kwa Tabea mara nyingi kuliko jingine lolote. Sijui. Na mimi sijui. Sifaeli alisamehe kwa jani ambalo halikuwa lake. Je, amesamehe? Elirehema aliomba radhi, radhi ikapotelea Sakina. Je, ameomba? Nilimwuliza mchungaji. Akasema ni swali zuri, ngoja alifikirie. Leo ni juma la tatu, bado analifikiria.

Juma lililopita, Mama Rachel alishindwa kuvumilia. Aliwafuata wale ndugu wawili, akawakuta shambani, akawaeleza ukweli wote. Daniel alimsikiliza mpaka mwisho. "Mpaka wa shamba tumeshaurudisha mahali pake, mama," akasema. "Kahawa yake imerudi kwake. Sale liwe la konda, liwe la nani, mimi sirudi nyuma." Sifaeli akaenda nyumbani, akalitoa lile jani, limeshakauka, akampelekea Tabea kwa heshima zote, kwa mikono miwili.

Tabea akalikataa. "Kaa nalo, kaka. Limeshafanya kazi kwenu. Mimi nataka maneno."

Ndiyo sababu wamekuja hapa studio, wasikilizaji wapendwa. Mama Rachel yuko kushoto kwangu, amevaa nguo nyeusi. Tabea yuko mbele yangu, hataki kuegemea kiti. Alisingiziwa mbele ya abiria, na abiria wa siku ile sasa wametawanyika, mwingine yuko Momela, mwingine yuko Kisongo, mwingine yuko Nairobi. Hakuna gari la kuwapakia wote tena. Lakini redio mnayo.

Mama Rachel alitaka ayaseme mwenyewe. Amejaribu mara mbili kabla hatujaingia hewani, sauti haitoki. Amenipa mimi. Nayasema kama nilivyopewa.

Mzigo wa Mama Silantoi haukuibwa. Ulidumbukia chini ya kiti cha mwisho, na umeshamfikia mwenyewe. Tabea hakuuchukua. Elirehema Ayo, dereva, mume wangu, alimsingizia mbele za watu. Alijua amekosea. Alinyamaza majuma kumi na moja kwa aibu. Alikata sale amwombe radhi, akafa halijamfikia. Kwa niaba yake, mimi Rachel, naomba radhi.

Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Tabea hakuiba. Konda wa gari la Momela, Mama Elieshi, hakuiba.

Nimemwuliza Tabea kama amemsamehe. Ameziba mdomo kwa kanga. Halafu amesema, "Nimemsamehe. Lakini kesho nikipanda gari nitamkasirikia upya. Alikuwa na mdomo. Majuma kumi na moja, anao mdomo, nipo nyuma yake hatua tatu." Akavuta pumzi. "Na ninamlilia. Sijui, dada Prisca. Andika yote mawili."

Nimeandika yote mawili.

Kwa Mama Rachel, kwa Solomoni, kwa dada wa marehemu na ukoo mzima wa Ayo, kwa madereva na makonda wa njia ya Momela, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe Tabea, ambaye kwenye wasifu hukutajwa popote, pole. Wewe nawe ni mfiwa.

Kwa kawaida, saa hizi, huwa tunafungua simu zetu mtutumie salamu. Leo hatufungui. Tutaweka wimbo mmoja wa kwaya, wa dakika sita. Wasikilizaji wapendwa, msitupigie sisi. Kila mmoja wenu kuna jina limemjia kichwani tangu nilipoanza kuzungumza. Mpigie huyo. Usimtume mtu.